Nafasi Haiko Wazi

Kila alasiri, vipindi vikishakwisha na wanafunzi wakishatawanyika, mhazili wa kitivo cha sheria alitandika gazeti la jana mlangoni mwa ofisi ya Mkuu, akafungua dirisha moja ili harufu ya udongo ipate pa kutokea, kisha akachemsha maji ya chai. Chai yenyewe haikunywewa na mtu. Marehemu Mkuu alipenda tu kukiweka kikombe mbele yake na kukitazama kikifuka moshi, maana alisema kule aliko kila kitu ni cha baridi.

Alikuja kwa miguu, akipitia nyuma ya maktaba, amevaa suti ileile ya kijivu aliyozikwa nayo. Walinzi walimwamkia na yeye aliitikia mmoja mmoja, hakuwahi kuwa mtu wa makuu. Akifika mlangoni alikanyaga gazeti, akapangusa viatu, na bado zulia lilichafuka. Mfagizi wa ghorofa ile, mama mmoja asiyejua kumung'unya maneno, alikuwa ameshamwambia mara nyingi.

"Marehemu, futa miguu vizuri. Zulia hili nalisugua mimi, si Baraza la Chuo."

"Samahani, mama," alijibu Marehemu Mkuu, na kweli alifuta tena, lakini udongo wa kaburini hauishi viatuni.

Kisha aliketi, akatoa kalamu mfukoni, akaanza kutia sahihi. Makaratasi yalikuwa yameshapangwa tayari, yamesomwa, yamesahihishwa, na kila penye kasoro pamebandikwa kijikaratasi cha maelezo. Aliyeyapanga alikuwa amesimama pembeni ya meza, miwani imening'inia kifuani. Huyo ndiye Kaimu Mkuu wa Kitivo. Alikuwa amekaimu muda mrefu hata baadhi ya wanafunzi walidhani Kaimu ni jina lake la kuzaliwa.

Jina walilompa wao lilikuwa Mama Kifungu. Lilitokana na swali lake. Mwanafunzi akisimama darasani na kusema kwamba jambo fulani linajulikana, yeye alivua miwani na kuuliza, "Linajulikana na nani? Kifungu kinasemaje?" Mawakili wazima, wenye vitambi na madereva, waliposikia swali hilo ndotoni waliamka na kijasho chembamba.

Ndiye mwanamke wa kwanza katika nchi ile kuvaa joho la uwakili. Siku aliyoapishwa, fundi cherehani alimpa joho la mwanamume mfupi, kwa kuwa vipimo vingine hakuwa navyo. Mahakamani nako hawakuwa na namna nyingine ya kumwita wakili ila Bwana Wakili, basi naye akawa Bwana Wakili mpaka nywele zikaanza kuota mvi. Alipoajiriwa kufundisha, jengo zima la sheria halikuwa na choo cha wanawake. Kwa miaka yote ya mwanzo alivuka barabara kwenda kuomba choo cha posta, mkoba begani, akitembea kama mtu anayekwenda kununua stempu. Aliporudi alikuta wenzake wameshapitisha maamuzi.

Mkuu alikufa kikaoni, mkono wake ukiwa juu, akiomba nafasi ya kusema. Walimzika kwa heshima zote. Baada ya mazishi mwenyekiti wa Baraza la Chuo alimvuta yule mama pembeni.

"Tukaimie kidogo, mama. Ni kwa muda mfupi tu, wakati tunajipanga."

Alikubali. Siku chache baadaye tatizo likajitokeza. Kaimu aliruhusiwa kufundisha, kusimamia, kuandaa na kulaumiwa, ila vyeti vya wahitimu vilitakiwa kutiwa sahihi na Mkuu mwenyewe. Baraza lilikutana likakuna kichwa, likaahirisha. Alasiri iliyofuata Mkuu akaingia ofisini, akauliza vyeti viko wapi. Mwenyekiti alipopelekewa habari alishusha pumzi.

"Afadhali," alisema. "Sasa hakuna haja ya haraka."

Labda mtu atauliza, mbona hawakumthibitisha tu yule mama mambo yakaisha? Jibu lilikuwa kwenye kanuni, na kanuni hizo Mama Kifungu alizijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu aliziandika kwa mkono wake. Kitivo kilipokuwa kichanga iliundwa kamati, na kwa kuwa yeye ndiye mwanamke pekee ndani yake, alifanywa katibu bila kuulizwa. Aliandika kwamba nafasi ya Mkuu itakuwa wazi pale Mkuu atakapojiuzulu, atakapostaafu, atakapoachishwa kazi au atakapokufa. Mkuu, wakati huo yu hai na ana kicheko kikubwa, alichukua kalamu nyekundu akayakata maneno mawili ya mwisho.

"Binti, nani afe halafu ang'ang'anie kiti? Hilo linajulikana."

Wajumbe wakacheka. Naye binti akacheka, kwa adabu. Kicheko hicho kilimkera maisha yake yote. Kila alipokikumbuka alitamani kurudi kwenye kile chumba, akae na uso mkavu.

Si kwamba hawakujaribu. Marehemu Mkuu mwenyewe alichoka mapema, na alikuwa mtu mwenye haya. Aliandika kwamba anajiuzulu. Baraza likamjibu kwa upole kwamba anayejiuzulu hukabidhi ofisi kwa mrithi aliyethibitishwa, na mrithi hawezi kuthibitishwa kwenye nafasi ambayo haijawa wazi. Kustaafu nako hakukuwezekana. Alikufa akiwa bado hajafika umri, na wafu hawaongezi miaka. Ikabaki kuachishwa kazi. Akajitahidi kutenda kosa, akamtukana mwenyekiti mbele ya wageni, tusi zito la kutosha kumwagisha mtu unga. Lakini ilipofika wakati wa kusoma mashtaka, wajumbe wote walitazama chini. Si adabu kumsema marehemu vibaya.

Muhula mmoja akaamua kutokuja kabisa. Vyeti vikalundikana. Msichana mmoja, wa kwanza kusoma katika ukoo wao, alikosa kazi ya mahakama kwa kuwa cheti chake hakikuwa na sahihi, na mama yake alikuja kukaa kwenye ngazi za kitivo kutwa nzima. Mama Kifungu alivumilia akashindwa. Alikwenda mwenyewe makaburini, visigino vyake vikazama kwenye udongo, akasimama pale kama mdai aliyefika mlangoni.

"Rudi, Mkuu," alisema. "Watoto wanaumia."

Kesho yake alirudi. Mama Kifungu alikuwa amelia njia nzima akitoka makaburini, na haikuwa huzuni. Ilikuwa hasira. Alikuwa amekwenda kumfufua kwa mdomo wake mwenyewe mtu aliyekalia kiti chake.

Ndivyo miaka ilivyokwenda. Majaji walipita mikononi mwake, na mawaziri, na wanawake wengi waliovaa majoho yaliyoshonwa kwa vipimo vyao. Chumba cha kuhifadhia viti vibovu alikigeuza kuwa choo cha wanawake, na amri ya kukigeuza ilitiwa sahihi na marehemu. Kila wakili wa kike katika nchi ile alikuwa na cheti ukutani, na kwenye kila cheti palikuwa na jina la mwanamume ambaye hakuwafundisha hata kipindi kimoja. Jina la mwalimu wao halikuwamo.

Mwaka aliotakiwa kustaafu ndio mwaka uleule aliohitimu binti wa kaka yake. Alimlea tangu kaka yake alipofariki, mtoto akiwa bado anatambaa. Huyu kaka alifariki kikawaida na hakuonekana tena. Binti alikulia chini ya meza ya mihadhara, akichora kwa vipande vya chaki wakati juu yake shangazi anaeleza maana ya umiliki. Siku moja, hajui hata kusoma, alitoa kichwa mbele ya darasa zima akauliza kifungu kinasemaje. Darasa lilivunjika mbavu.

Na ni huyu ambaye, jioni moja wakila, aliweka kijiko chini.

"Shangazi, uliniahidi. Cheti changu utatia sahihi wewe."

"Nilikuahidi ukiwa mdogo."

"Umri wangu hauhusiki. Ahadi ni ahadi, ulinifundisha mwenyewe. Sitaki sahihi ya mtu mwingine."

Mama Kifungu aliisogeza sahani yake kando. Katika maisha yake alikuwa amewatetea wajane, vibarua, watu waliovunjiwa vibanda, hata mwizi mmoja wa baiskeli aliyemwibia yeye mwenyewe. Hakuwahi kusimama mbele ya mtu akajiombea. Hakujua hata sauti ya kufanyia hivyo inaanzia wapi. Asubuhi akapiga moyo konde, akaomba Baraza limsikilize.

Baraza lilikutana kwenye ukumbi wenye meza ndefu na mapazia mazito. Katibu wake alikuwa wakili aliyeitwa Msomi. Mahakamani mawakili huitana wakili msomi, na huyu, tangu yuko mwaka wa kwanza hajafaulu mtihani wowote, alikataa kuitika jina jingine. Mama Kifungu alikuwa amemfundisha mambo yote aliyoyajua, ukiacha yale ya kujisifu, ambayo alikuja nayo kutoka kwao.

Mama Kifungu aliingia na Marehemu Mkuu akiwa nyuma yake. Wajumbe wakasimama kwa heshima ya marehemu. Alipoketi, na wao wakaketi. Mama Kifungu alibaki wima.

Alisema kwa kifupi. Alisema kwamba ameongoza kitivo tangu mazishi yale, na kwamba kazi haina mwingine aliyeifanya. Alisema anastaafu mwisho wa mwezi, na anaomba athibitishwe kwa siku zilizobaki, ili vyeti vya wahitimu wa mwaka huu avitie sahihi yeye. Sauti yake ilitetemeka kidogo mwishoni na alichukia kuisikia.

"Tunakuelewa sana, mwalimu," alisema Msomi, akitabasamu. Aliegemea kiti. "Lakini kifungu kinasemaje?"

Kicheko chepesi kilizunguka meza. Hapana aliyecheka kwa ubaya.

Marehemu Mkuu akainua mkono, vilevile kama alivyouinua siku ya mwisho, na safari hii akapewa nafasi.

"Mimi nimekufa," alisema. "Mlinizika, na ninyi wawili pale mlibeba jeneza. Maneno yanayowafunga hapa niliyakata mimi, kwa mzaha. Huyu aliyaandika, mimi nikayakata. Aliyeongoza kitivo ni huyu. Mthibitisheni, na mimi nikalale."

Mjumbe mmoja alitoa leso akafuta macho. Mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa mtoto wa yule mwenyekiti wa zamani, alisema kwamba katika utumishi wake hajawahi kusikia maneno ya kiungwana kama yale, na akaomba iwekwe kwenye kumbukumbu kwamba Baraza linamshukuru Mkuu kwa unyenyekevu wake. Iliwekwa. Wakapiga makofi.

"Ama kuhusu ombi," aliendelea mwenyekiti, "bahati mbaya nafasi haiko wazi."

"Ongezeni maneno mawili," alisema Mama Kifungu. "Kanuni ni zenu. Andikeni 'au atakapokufa' sasa hivi, nawangoja."

"Kurekebisha kanuni si mchezo, mama. Iundwe kamati, wadau washirikishwe. Halafu mwenyewe umesema unastaafu mwisho wa mwezi. Haraka yote ya nini?"

Walishuka ngazi pamoja, yeye na marehemu, yeye akishika ukuta kwa kuwa magoti yalikuwa yanauma. Chini kabisa, mbele ya ubao wa mbao uliochongwa majina ya wakuu wa kitivo kwa rangi ya dhahabu, marehemu alisimama.

"Nisamehe," alisema.

"Leo siwezi," alijibu Mama Kifungu. "Labda siku nyingine."

Cheti cha binti kilifika mezani alasiri ya siku iliyofuata, katika fungu moja na vingine. Marehemu Mkuu alitia sahihi vyote, hicho akakiacha mwisho. Akaisogeza kalamu upande wa pili wa meza.

"Iga sahihi yangu," alisema. "Unaijua kuliko mimi. Itakuwa imetoka mkononi mwako, na sisi wawili tutanyamaza."

Mama Kifungu aliirudisha kalamu upande wake. Chai ilikuwa imekwisha kufuka.

"Hiyo ni kughushi, Mkuu. Somo hilo nalifundisha mimi."

"Basi nisikitie sahihi kabisa."

"Halafu akose kazi kama yule mwingine? Tia sahihi."

Alikibana cheti kwa viganja viwili kisipeperuke, maana dirisha lilikuwa wazi, na marehemu akatia. Chembe ya udongo ilidondoka kutoka kwenye mkono wa koti lake ikatua karibu na mhuri. Siku ya mahafali, Mama Kifungu alikikabidhi cheti jukwaani kwa mkono wake, kwa kuwa kukabidhi kuliruhusiwa. Binti alisoma hadi chini. Aliiona ile chembe, hakuipuliza.

"Ni yeye tena," alisema.

"Ni yeye."

Binti alimkumbatia shangazi yake mbele ya watu, na kwenye sikio lake akamwambia kwamba hana kinyongo. Mama Kifungu alitamani kama angekuwa nacho.

Walimuaga kwa chai, maandazi na saa ya ukutani. Msomi alitoa hotuba ndefu, akamwita mama wa sheria, hazina ya taifa, taa isiyozimika. Alipofika kwenye taa, umeme ulikatika, akaendelea gizani bila kukosea.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu alasiri Marehemu Mkuu aliingia ofisini, akapangusa viatu, akakuta meza tupu. Hapakuwa na mtu wa kumwandalia makaratasi. Mhazili aliwapigia simu wajumbe, na Baraza likakutana kwa dharura. Msomi alisimama akapendekeza kwamba kwenye kifungu kile, baada ya maneno "atakapoachishwa kazi", yaongezwe maneno "au atakapokufa". Alisema ni jambo linalojulikana. Hapakuwa na kamati wala wadau. Walipitisha kabla chai haijapoa, na kwa kuwa sasa nafasi ilikuwa wazi, walimthibitisha Msomi palepale. Mfagizi alipoambiwa ampelekee ngazi fundi wa kuchonga majina ubaoni, alitupa kitambaa chini, akasema hata yeye amechoka, kisha akakiokota akaenda.

Marehemu Mkuu aliambiwa ni ruhusa kupumzika. Alirudi makaburini, akalala chali, usingizi ukamkataa. Baada ya kugeukageuka siku kadhaa alitoka, akashika njia, na miguu ikampeleka kwenye kibaraza cha nyumba ya Mama Kifungu, mahali ambapo kuanzia hapo alifika kila alasiri. Mama Kifungu alimnunulia zulia la mlangoni, lile gumu la makumbi. Alimwekea kikombe cha chai. Walikaa bila maongezi mengi, kama wazee wowote wawili waliofanya kazi ofisi moja.

"Wameshamaliza ubao," marehemu alimwambia siku moja. "Jina langu wameliandikia miaka mpaka Ijumaa ile uliyoagwa. Linafuata la Msomi. Wanasema hakuna aliyewahi kuongoza muda mrefu kama mimi."

Mama Kifungu alikunja kitambaa alichokuwa anakishona.

"Nilijaribu kulifuta kwa kidole," alisema marehemu. "Ni rangi nzuri, haifutiki."

Lango likalia. Binti wa kaka yake aliingia, mkoba begani, viatu vya kazini miguuni, akamwamkia shangazi, akamwamkia na marehemu. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo haijaamua kama itoke au ibaki ndani.

"Shangazi, nimepata kazi. Kitivoni kwetu. Nitafundisha sheria ya ardhi."

Mama Kifungu alisimama, akamshika mashavu, akamwangalia. Tangu siku ya Baraza hakuwa amesikia kitu kilichomjaza moyo namna ile.

"Mhadhiri," alisema, akilionja neno. "Mhadhiri wetu."

"Nakaimu kwanza," alisema binti. "Nafasi ilikuwa ya yule mzee wa sheria ya ardhi, si unamkumbuka? Alifariki mwezi uliopita."

"Si waliongeza maneno kwenye kanuni?"

"Waliongeza kwa Mkuu tu, shangazi. Wahadhiri hawakutajwa. Ila Msomi ameniambia nisiwe na wasiwasi. Ni kwa muda mfupi tu, wakati wanajipanga."

Marehemu Mkuu alikiangalia kikombe chake. Mama Kifungu aliachia mashavu ya binti polepole.

"Ameshaanza kuja?" aliuliza.

"Jana alasiri. Alikuja kutia sahihi alama za mitihani. Ni mpole sana, hana neno. Ila anaacha udongo."

Mama Kifungu alikwenda mlangoni kwake. Aliinama kwa shida, akalikung'uta zulia la makumbi kwenye ukingo wa ngazi mpaka vumbi lote likatoka, akalikunja, akamkabidhi binti.

"Chukua," alisema. "Gazeti halitoshi."